Ndoo ya Buluu

Siku ya tatu ya uchunguzi, mkaguzi wa chakula alipanda ngazi za hospitali huku ameshika ukuta. Lifti ilikuwa imeharibika, na magoti yake yaliharibika zamani kabla ya lifti. Alikuwa amebakiza miezi mitano tu astaafu. Kama mtu angemwambia kwamba miezi hiyo angeimalizia kwa kufukuzana na skonzi, angecheka. Sasa hata kucheka aliona uvivu.

Mama wa mtoto alikuwa pale pale alipomwacha jana, kwenye benchi la nje ya wodi, na nguo zile zile.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Mtoto anaendeleaje?”

“Wamemtoa mpira wa hewa alfajiri. Anapumua mwenyewe, ila hajafumbua macho.”

“Tumshukuru Mungu.”

“Mama mkwe alikuja jana,” mwanamke akasema, kama vile hakusikia. “Amesema mbele ya watu wote kwamba nimemlisha mjukuu wake sumu kwa mkono wangu. Leo atakuja tena, saa ya kuona wagonjwa. Saa kumi na moja.”

Mkaguzi alikaa. Mambo ya mama mkwe hayakuwa kwenye kazi yake, na alishukuru kwamba hayakuwamo. Akatoa daftari.

“Nisimulie tena ya Ijumaa. Polepole. Najua umechoka.”

“Hata wewe umechoka.”

“Mimi nalipwa.”

Mwanamke nusura atabasamu. Akasimulia. Binti yake ana miaka tisa, na tangu akiwa wa kubebwa maziwa hayapatani naye. Tone moja tu na uso unavimba. Siyo maziwa tu, bali chochote chenye maziwa ndani. Kwa hiyo kila Ijumaa, wakitoka shule, hupitia tanuri la Shangazi kununua skonzi mbili, maana ni mahali pekee mtaani ambapo wanaoka bila maziwa. Ijumaa hii mtoto alikula nusu ya skonzi. Midomo ikavimba, koo likabana, sindano ya dharura waliyokuwa nayo nyumbani ikawapa muda wa kufika hospitali na si zaidi.

“Mmenunua kwake kwa muda gani?”

“Mwaka na zaidi. Hajawahi hata kuwashwa.”

“Na Ijumaa hii uliuliza?”

“Baba, mimi nauliza kila Ijumaa. Mpaka naona haya. Nasema, Shangazi, za leo zina maziwa? Na yeye hachoki. Anaingia ndani, anatoka na ndoo ya majarini, ananionyesha. Ina maandishi ya viungo na ina karatasi ya serikali, imetiwa saini. Nikajisemea, kama serikali imetia saini, mimi ni nani?”

Mkaguzi aliandika: *ndoo, karatasi ya serikali*. Alidhani ni leseni ya biashara, kwa kuwa watu hubandika leseni popote palipo na nafasi. Kilichomshughulisha zaidi ni ule mwaka mzima. Mtu anayedanganya kuhusu maziwa asingemaliza mwaka na mtoto huyu. Kitu kilibadilika wiki hii, na kabla ya wiki hii hakikuwapo.

Alikuwa katikati ya ngazi, akishuka, simu ilipoita. Alikuwa Mkuu wake wa idara, kijana aliyempita mkaguzi kwa cheo na kupitwa kwa miaka ishirini.

“Mzee wa Lebo, uko wapi?”

Hilo jina alilipata kwenye semina. Miaka minane amezunguka kwenye mahoteli, vibanda na matanuri akihubiri jambo moja: mteja akikuuliza kama chakula kina maziwa, usijibu kwa kichwa, jibu kwa lebo. Wafanyabiashara walimcheka, wakamwiga sauti, na baadhi yao wakamsikia.

“Hospitali. Naelekea kwa yule mwokaji.”

“Mwanasheria anataka fomu saa kumi kamili. Mimi sioni ugumu. Yule mama aliulizwa, akasema hakuna maziwa. Maziwa yamo. Amempa mlaji taarifa ya uongo. Jaza kisanduku cha kumi na nne, andika muuzaji, tumalize.”

“Ukiandika muuzaji anashtakiwa.”

“Na tanuri linafungwa moja kwa moja. Ndiyo sheria, hatukuitunga sisi.”

“Bado sijajua kama alijua.”

“Atayasema mahakamani. Saa kumi, mzee.”

Nje ya lango aliukuta ujumbe wa dada wa maabara. Mkaguzi alikuwa amempelekea skonzi sita za Ijumaa kutoka rafuni, pamoja na unga, sukari na hamira. Majibu yalikuwa mafupi: unga safi, sukari safi, hamira safi. Skonzi zote sita zina maziwa, na kiwango kinakaribiana. Majarini hakupima kwa sababu hakuletewa. Mkaguzi alijua kwa nini. Aliambiwa majarini iliisha Ijumaa na ndoo yake ikaoshwa, ikisubiri kazi ya Jumamosi ambayo haikufanyika.

Tanuri la Shangazi, moja kati ya mengi aliyoyazoea kwa ukaguzi, lilikuwa vyumba viwili: cha mbele cha kuuzia, cha nyuma cha kukandia. Utepe wa idara ulikuwa bado mlangoni. Shangazi alikuwa mwanamke mpana, mwenye makovu ya moto mikononi mpaka kwenye viwiko, na hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale mtaani, ila aliitwa hivyo na wote. Alikuwa amekaa juu ya gunia la unga. Pembeni alisimama ndugu wa marehemu mumewe, mwembamba, aproni imemfika magotini, ambaye yeye alimwita Shemeji na mtaa mzima ukafuata.

“Kaka, huyo mtoto?” Shangazi aliuliza kabla ya salamu.

“Anapumua mwenyewe.”

Shangazi alijifunika uso na kulia kwa sauti. Mkaguzi alisubiri. Ameona watu wengi wakilia mbele yake, na hakuwahi kujifunza kutofautisha kilio cha hofu na kilio cha huruma. Hiki kilimwingia hata hivyo.

“Kulikuwa na maziwa humu ndani, dada?”

“Sijaleta maziwa hapa tangu siku ya kwanza yule mama aliponieleza habari za binti yake. Nilipiga marufuku. Maziwa, siagi, hata jibini. Wateja wa keki nilipoteza, nikasema basi. Muulize Shemeji.”

Mkaguzi alimgeukia Shemeji. Shemeji aliangalia dari.

“Shemeji, kuna maziwa yaliwahi kuingia humu?”

“Hapana.”

“Niangalie mimi, usiangalie dari.”

“Hapana, mzee.”

Jasho jembamba lilikuwa linamtiririka, na tanuri lilikuwa baridi siku ya tatu. Mkaguzi alizunguka chumba. Alifungua makabati, akainua trei, akachungulia nyuma ya rundo la kuni. Alipoinama magoti yalilia kama mlango mkavu. Akainuka na chupa ya chai, ndogo, ya rangi nyekundu. Akafungua kifuniko, akanusa.

“Chai ya maziwa,” alisema.

Shemeji alikaa chini sakafuni, pale pale.

“Ni mimi,” alisema. “Ni mimi, mzee. Nichukueni. Chai kavu hainipandi, nilikuwa nakuja nayo kwa siri. Ijumaa nilipokuwa naviringa skonzi ikanimwagikia mkononi. Nikafuta kwenye aproni. Sikunawa. Siku tatu sijalala.”

“Shemeji!” Shangazi alikuwa ameshasimama, ndara moja mkononi. “Mwaka mzima? Mwaka mzima mimi nawafukuza wateja wa keki, wewe unakunywa chai ya maziwa nyuma ya kuni?”

“Tangu mwezi wa pili tu, shemeji yangu.”

“Tangu mwezi wa pili, *tu*!”

“Dada, vaa ndara,” mkaguzi alisema. “Si yeye.”

Wote wawili walimtazama.

Hapo mkaguzi alitamani kiti. Hakikuwapo, akaegemea meza ya kukandia. “Umesema ulikuwa unaviringa. Kukanda ulikuwa umeshamaliza?”

“Zamani. Unga ulikuwa umeshaumuka.”

“Basi chai yako ingeingia kwenye skonzi moja au, ukiwa na bahati mbaya, mbili. Maabara wamepima sita kutoka trei tatu tofauti. Zote zina maziwa, na zote karibu sawa. Hayo hayakudondoka, hayo yalikandwa pamoja na unga.” Akamrudishia chupa yake. “Ni kosa, na nitaliandika. Lakini mtoto hakuumizwa na chai yako. Inuka.”

Shemeji hakuinuka. Alikuwa analia kimya kimya, ameikumbatia chupa.

“Unga ni safi, sukari safi, hamira safi,” mkaguzi aliendelea. “Kimebaki nini?”

“Chumvi na maji,” alisema Shangazi. “Na majarini. Lakini majarini ni ile ile, kaka. Nina ndoo yake. Ngoja nikuletee, utaona mwenyewe.”

Akaingia stoo. Mkaguzi alibaki ameinamisha kichwa, maana shingo nayo ilikuwa imechoka, na ndivyo alivyoona alipokuwa amesimama. Mbele ya tanuri, mahali mtu anaposimama akitoa trei, walikuwa wametandika boksi lililopasuliwa ili wasiteleze kwenye unga. Juu yake palikuwa na nyayo na madoa ya mafuta. Chini ya kiatu chake cha kushoto palikuwa na maandishi.

“Shemeji, hili boksi ni la nini?”

“La majarini. Inakuja kwenye boksi, ndani kuna mfuko. Mfuko tunaumwaga kwenye ndoo, boksi tunatandika.”

“Mlilitandika lini?”

“Alhamisi. La zamani lilikuwa limelowa.” Akaonyesha kwa kidole. “Lipo chini yake hapo.”

Mkaguzi alipiga magoti, yote mawili, na safari hii hakujali. Akalivuta boksi la juu, akalifuta kwa leso. Rangi zile zile za njano na kijani, jina lile lile, picha ile ile ya alizeti. Akalivuta na la chini, limelegea kwa maji. Akayaweka sambamba sakafuni, akavaa miwani.

La chini: mafuta ya mimea, maji, chumvi, rangi.

La juu: mafuta ya mimea, maji, maziwa ya unga, chumvi, rangi. Na pembeni, kwa maandishi madogo kama sisimizi: *Ladha mpya iliyoboreshwa*.

Kiwanda kilikuwa kimebadilisha viungo, na kilikuwa kimeandika, pale pale sheria inapotaka. Hakuna aliyesoma. Kwa nini wasome? Boksi lilikuwa la kutandika.

Alipiga simu idarani hapo hapo, angali amepiga magoti, akaagiza kila aliyenunua majarini ile tangu wiki iliyopita aarifiwe kabla ya jioni. Halafu akamsikia Shangazi nyuma yake.

“Hii hapa, kaka. Usije ukasema sikufuata maagizo.”

Ilikuwa ndoo ya buluu, yenye mfuniko, imeoshwa mpaka inang’aa. Ubavuni ilikuwa na kipande cha boksi la zamani kilichokatwa vizuri kwa mkasi, viungo vinasomeka, kimefunikwa na utepe wa nailoni. Maziwa hayakuwamo kwenye orodha. Chini yake kulikuwa na karatasi nyeupe yenye nembo ya idara, maneno mawili, tarehe ya mwaka juzi na saini.

*Imekaguliwa. Sawa.*

Saini ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kujikata. Mkaguzi aliijua. Alikuwa ameiandika maisha yake yote.

“Unakumbuka?” Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, hata siku ile. “Ulikuja ukanikuta na majarini kwenye beseni lisilo na alama yoyote. Ukaniwakia. Ukasema chombo kisicho na lebo ni kosa, ningeweza kumdhuru mtu. Nikakata lebo siku ile ile, nikabandika. Uliporudi ulifurahi, ukatia saini. Tangu hapo sijabadilisha ndoo. Mteja akiniuliza, sijibu kwa kichwa, kaka. Najibu kwa lebo.”

Alitamka kwa sauti ya semina. Hakuwa anamcheka.

“Na mimi nilirudi mara ngapi baada ya hapo?” mkaguzi aliuliza.

“Kila miezi mitatu. Unaingia, unaangalia ndoo, unasema vizuri, unaondoka.”

Ni kweli. Mara sita au saba alikuwa ameingia chumba hiki, akaona lebo iko mahali pake, akaona na saini, akaridhika. Muda wote huo alikuwa akikagua saini yake mwenyewe. Hakuwahi kuuliza jambo dogo ambalo hata mtoto angeuliza: kilichomo ndani ya ndoo leo ndicho kilichokuwamo siku ile? Wala kwenye semina zake zote hakuwahi kuwaambia watu kwamba lebo hubadilishwa kila boksi jipya linapofunguliwa. Alidhani wanajua. Au hakudhani lolote.

“Dada, kuna kosa…” mkaguzi alianza, na Shangazi akamdakia kabla hajamaliza, “Kosa langu ni lipi?” Kisha akayaona maboksi mawili sakafuni. Aliyasoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye maziwa ya unga aliketi tena kwenye gunia.

“Nilimwonyesha ndoo,” alisema. “Yule mama. Nilimwonyesha ndoo kwa mkono wangu.”

Shemeji alimshika bega, akamtoa nje apate hewa.

Mkaguzi alibaki peke yake na ndoo. Utepe wa nailoni ulikuwa umeanza kuachia kwenye pembe moja. Aliingiza ukucha chini yake, nao ukainuka bila taabu, kama unaomsubiri. Karatasi ingetoka nzima. Ingebaki lebo tu, iliyobandikwa na muuzaji, iliyopitwa na wakati, na kisanduku cha kumi na nne kingejijaza chenyewe. Miezi mitano. Aliona aibu, na aliona pia kwamba aibu ile haikumzuia kuendelea kuvuta. Utepe ulifika nusu.

Kilichomsimamisha hakikuwa ushujaa. Lilikuwa daftari mfukoni, ambamo asubuhi ile alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: *karatasi ya serikali*. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kumwambia, naye hakusikia. Mkaguzi alirudisha utepe, akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ukashika, akaandika namba ya kielelezo kwenye mfuniko.

Saa kumi kasorobo aliiweka ndoo juu ya meza ya Mkuu, na maboksi mawili juu yake, na fomu juu ya maboksi.

Mkuu alisoma haraka mpaka kisanduku cha kumi na nne. *Nani alimhakikishia mlaji kwamba chakula hakina maziwa?* Hapo kasi yake ikakatika. Palikuwa na jina la mkaguzi, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho chake cha kazi.

“Mzee, kisanduku hiki ni cha wauzaji.”

“Kinauliza nani. Hakikusema muuzaji.”

“Unajua unachokifanya? Unajiangushia jumba bovu mwenyewe. Lazima nikusimamishe kazi.”

“Najua.”

“Miezi mitano, mzee wangu.” Mkuu alikuwa ameshusha sauti, na kwa mara ya kwanza alionekana kijana kweli. “Karatasi yenyewe imeshikwa na utepe tu. Ungeweza…”

“Nilijaribu,” mkaguzi alisema. “Angalia pembeni hapo, imekunjamana.”

Mkuu aliangalia. Halafu akachukua muhuri, akaushika muda mrefu, akaupiga.

“Na Shangazi?” mkaguzi aliuliza.

“Atapewa onyo, kwa ile chai na kwa kutosoma boksi. Hakudanganya mtu.” Mkuu alisukuma fomu pembeni. “Nenda nyumbani ukapumzike.”

Mkaguzi hakwenda nyumbani. Saa kumi na moja na dakika chache alikuwa kwenye zile ngazi tena, ameshika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua nne. Sauti ya mama mkwe aliisikia kabla hajafika juu. Bibi mrefu alikuwa amesimama mbele ya benchi na mkoba kifuani, akisema kwamba mama mwenye akili humpikia mwanawe nyumbani. Mama wa mtoto alikuwa ametazama sakafu.

“Shikamoo, mama,” mkaguzi alimwambia bibi.

“Marahaba. Na wewe ni nani?”

“Mimi ni mkaguzi wa chakula. Mkweo aliuliza. Aliuliza kila Ijumaa kwa mwaka mzima, na Ijumaa hii pia aliuliza, na aliuliza kama inavyotakiwa. Aliyemjibu vibaya ni mimi. Ile saini ya kwenye ndoo ni yangu.”

Bibi aliushusha mkoba kutoka kifuani. Muuguzi aliyekuwa anapita na kigari cha dawa alipunguza mwendo. Mkaguzi alimgeukia mama wa mtoto na kungoja. Alikuwa tayari kutukanwa, na angeona nafuu.

Mwanamke aliinua uso, akamtazama. Macho yake yalikuwa makavu.

“Mimi usiniambie,” alisema. “Kaa hapo. Akiamka, utamwambia yeye.”

Mkaguzi alivua kofia, akakaa.